Presha Iliyopimwa Mara Moja

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada waliingiza mrija mwembamba ndani ya ateri ya mkono wa vijana watano waliozoea kunyanyua vyuma, kisha wakawapima wakiwa wanasukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili. Presha zao zilipanda hadi wastani wa 320/250, na mmoja wao akavuka 480/350. Mzigo ulipotuliwa, presha zilishuka ndani ya muda mfupi. Vijana wale walikuwa na afya njema kabla ya zoezi na baada yake. Namba kama hizo zikiandikwa kwenye kadi ya kliniki bila maelezo yoyote, nesi atakayeipokea kadi hiyo atakuwa na haki ya kukimbia kumwita daktari. Lakini zilikuwa namba za kweli, zilizopimwa kwa njia sahihi kuliko ile inayotumika katika zahanati yoyote, na bado hazikusema lolote kuhusu ugonjwa wa mtu. Zilisema mwili ulikuwa ukifanya kazi gani katika dakika ile.

Naanza na ushahidi huo wa kupita kiasi kwa sababu unaweka wazi jambo ambalo vipimo vya kila siku hulificha. Tumezoea kusema mtu “ana presha ya 150” kama tunavyosema ana urefu wa futi sita. Urefu hauchezi kati ya asubuhi na jioni kiasi cha kumtia mtu hofu. Presha hucheza kila moyo unapodunda. Kwa watu wengi hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 wakiwa usingizini, hupanda wanapoamka, hupanda tena wanapopanda ngazi, wanapogombana, wanaposikia baridi, wanapobanwa na mkojo. Kwa hiyo mtu mzima asiyeumwa anapokwenda kupimwa kwa ajili ya ajira au bima, akaambiwa 158/96, halafu baada ya robo saa akapimwa tena ikawa 138/86, swali la ipi ndiyo presha yake halina jibu, kwa kuwa limeulizwa vibaya. Zote mbili zilikuwa presha za dakika zake. Kinachohusika na kiharusi, figo na moyo ni kiwango ambacho mishipa yake huishi nacho miezi na miaka, na kiwango hicho hakuna mashine inayokiona kwa kupima mara moja. Hukadiriwa kwa vipimo vingi vilivyochukuliwa kwa utaratibu uleule. Hoja yangu ni kwamba anayemwanzishia mtu dawa kwa namba moja kubwa, na anayemwambia mtu yuko salama kwa namba moja nzuri, wamefanya kosa moja.

Inafaa kukumbuka kipimo chenyewe kinafanyaje kazi. Wa kwanza kuchapisha kipimo cha presha alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales, mwaka 1733: alifunga bomba la kioo kwenye ateri ya farasi na damu ikapanda zaidi ya futi nane. Hakuna binadamu ambaye angekubali kupimwa hivyo, ndiyo maana mkanda wa kufunga mkononi alioubuni Scipione Riva-Rocci huko Turin mwaka 1896 ulikuwa hatua kubwa. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, akaeleza sauti zinazosikika kwa stetoskopu mkanda unapolegezwa: sauti ya kwanza inapoanza ndiyo namba ya juu, sauti zinapopotea ndiyo namba ya chini. Mashine za kidijitali zilizojaa maduka ya dawa siku hizi hazisikilizi sauti hizo. Huhisi mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda, kisha hukokotoa namba mbili kwa kanuni iliyowekwa kiwandani kwake. Ni kadirio la maana, na mashine iliyothibitishwa kitaalamu hukadiria vizuri, lakini ni kadirio. Moyo unaodunda bila mpangilio huivuruga, na mkono uliotikiswa huivuruga vilevile.

Halafu kuna mpimaji mwenyewe. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake nchini Italia walichapisha utafiti ambao kila anayeshika mkanda wa presha angepaswa kuujua. Walirekodi presha ya wagonjwa waliolazwa kwa mrija ulio ndani ya ateri, saa baada ya saa, kisha wakaangalia kinachotokea daktari anapoingia chumbani kuwapima kwa mkanda wa kawaida. Ndani ya dakika chache za mwanzo, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa takribani 27 na ya chini kwa takribani 15. Daktari alipoendelea kukaa, presha ilirudi taratibu ilikokuwa. Baadaye walionyesha kwamba nesi akipima, kupanda huko hupungua kwa karibu nusu. Tafakari uzito wa 27: inatosha kumtoa mtu kwenye 125, ambayo haimshughulishi yeyote, hadi kwenye 152, ambayo humwandikia vidonge. Na kupanda huko si udhaifu wa mtu mwoga, kwa maana wengi hawahisi wasiwasi wowote. Ni mwili kujiweka tayari, kama unavyojiweka tayari mbele ya jambo lolote lenye uzito, na hauombi ruhusa ya akili.

Makosa ya upimaji huongezwa juu ya hapo, na hapa ndipo ninapoona uzembe usiosameheka, kwa kuwa dawa yake ni bei ya kiti na meza. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha jaribio ambamo waliwapima watu wazima 133 katika mikao mitatu. Mkono ulipolazwa mapajani badala ya juu ya meza, namba ya juu ilizidi kwa karibu 4. Ulipoachwa uning’inie ubavuni, ilizidi kwa 6.5. Sababu yake ni uzito wa damu yenyewe: kila sentimita 10 ambazo mkono unashuka chini ya usawa wa moyo huongeza kama 7 au 8. Mwaka uliotangulia, kundi jingine la huko huko lilipima athari ya ukubwa wa mkanda. Watu wenye mikono minene sana, wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipofungwa mkanda wa kawaida walisomeka karibu 20 juu ya presha yao halisi. Wenye mikono myembamba waliohitaji mkanda mdogo walisomeka chini kwa 3 hadi 4, yaani mtu mwembamba mwenye presha anaweza kurudishwa nyumbani akiwa amepongezwa. Jiulize ni zahanati ngapi unazozijua zenye mikanda zaidi ya mmoja. Ongeza mazungumzo wakati wa kupimwa, miguu iliyokunjwa moja juu ya nyingine, mgongo usioegemea, kahawa au sigara katika nusu saa iliyopita, mkanda uliofungwa juu ya shati la mikono mirefu. Kila kimoja ni kidogo, na karibu vyote vinasukuma namba kwenda juu.

Baadhi ya namba za ajabu zina maelezo nje ya chumba cha kupimia. Dawa za maumivu zinazonunuliwa bila cheti, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kupandisha presha kwa sababu huifanya figo ishikilie chumvi na maji. Dawa za mafua zinazozibua pua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na prednisoloni zimo katika orodha hiyohiyo. Anayetafuna miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa, jambo ambalo mpimaji wa Mombasa, Meru au Eastleigh hana budi kuliuliza waziwazi na bila kumwaibisha mtu. Swali la nini umekula, umekunywa au umemeza leo huchukua nusu dakika, na mara nyingine linamaliza fumbo lote.

Mafumbo mengine yanahitaji jicho la makini zaidi. Kijana mrefu, mwanamichezo, anaweza kupata 146/72: ya juu imepanda, ya chini ni nzuri kabisa. Katika vijana wa aina hii mishipa ni laini mno, na wimbi la damu hukuzwa linaposafiri kutoka moyoni hadi mkononi, hivyo presha iliyo karibu na moyo inaweza kuwa ya kawaida ingawa ya mkononi inatisha. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani kijana huyo yuko salama, na kwa maoni yangu afuatiliwe bila kupewa dawa kwa pupa. Lakini 146/72 ileile kwa mtu wa miaka 70 ina maana tofauti kabisa, kwani kwake pengo pana kati ya namba mbili kwa kawaida ni dalili ya ateri zilizokakamaa, na hatari yake ni ya kweli. Pengo pana sana kwa mtu wa umri wowote lastahili kumfanya daktari achunguze vali ya moyo, tezi ya shingo na wingi wa damu. Upande wa pili, mwanamke mwembamba mwenye 92/58 asiyehisi kizunguzungu hana ugonjwa wa “presha ya kushuka”. Ana presha ambayo wengi wangeitamani. Kinachohitaji kuchunguzwa ni presha iliyoporomoka kutoka ilikozoea, au inayoshuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama. Na mikono miwili ikitofautiana kwa 10 au zaidi kila inapopimwa, mkono wenye namba kubwa ndio wa kutumia siku zote. Tofauti ya 15 na zaidi imehusishwa na mishipa iliyoanza kuziba, nayo haifai kupuuzwa.

Kinachoongeza mkanganyiko ni kwamba mstari unaotenganisha mzima na mgonjwa tumeuchora sisi wenyewe. Katika miaka ya 1950 madaktari wawili Waingereza, Robert Platt na George Pickering, walibishana vikali: Platt aliamini wenye presha ni kundi la peke yake, Pickering akashikilia kwamba presha ni mteremko mmoja usio na ngazi. Pickering ndiye aliyeshinda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002 ukikusanya tafiti 61 na watu wapatao milioni moja ulionyesha kwamba hatari inaanza kupanda kutoka 115/75, na kwa watu wa miaka 40 hadi 69 kila ongezeko la 20 kwa namba ya juu au 10 kwa ya chini huongeza mara mbili hatari ya kufa kwa kiharusi au moyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu wanatumia 140/90, ilhali vyama vya Marekani tangu 2017 vinatumia 130/80. Mtu yuleyule anaweza kuwa mgonjwa Boston na mzima Bagamoyo. Kutoka hapa wapo wanaohitimisha kwamba kama hakuna mstari basi namba hazina maana. Mimi nahitimisha kinyume. Kama hatari inapanda kidogo kidogo, kosa la pointi 10 au 20 katika kupima ni kosa kubwa, na mtu aliye karibu na mstari ndiye anayehitaji vipimo vingi na vya uangalifu kuliko wote.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wahudumu wenyewe, nami naliheshimu. Wanasema: mgonjwa wetu amekuja leo kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa, hatarudi baada ya wiki mbili, ukimwacha bila dawa leo, utamwona tena akiwa amepooza upande mmoja. Ushahidi wa hofu hiyo upo. Utafiti wa kiharusi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, visa vipya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo la Hai, na karibu 316 katika eneo la Dar es Salaam, kiwango cha juu sana kwa vipimo vya dunia. Utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha presha zao zikipanda mapema baada ya kuhama, pamoja na chumvi katika mkojo. Ugonjwa huu upo kwetu, unakua, na duniani kote karibu nusu ya walionao hawajijui.

Lakini angalia pingamizi hilo linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba mtu asiachwe aondoke bila mpango. Halithibitishi kwamba namba ya kwanza ni ya kuaminika. Mwongozo wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu wa mwaka 2020 uliandikwa ukiwa na kiwango maalumu cha chini kwa ajili ya mahali penye uhaba, na hata huko unataka vipimo vitatu kwa nafasi ya dakika moja, wastani wa viwili vya mwisho, na kwa kawaida ziara mbili au tatu zilizotenganishwa kwa wiki moja hadi nne. Mwenye 180/110 pamoja na dalili za ugonjwa wa moyo au mishipa hasubiri ziara ya pili. Vipimo vitatu vinachukua dakika tano na havihitaji mgonjwa kurudi. Ziara ya pili inaweza kuwa kwa mhudumu wa afya wa kijijini mwenye mashine nzuri, au nyumbani kwa jirani aliyenunua yake. Na gharama ya pupa si ndogo: mtu aliyebandikwa ugonjwa asiokuwa nao hulipia vidonge kila mwezi, hulipa zaidi bima, hupata kizunguzungu, na akigundua siku moja kwamba presha yake ni nzuri hata bila dawa, huacha kuwaamini waliompima. Jirani yake mwenye presha ya kweli naye humsikiliza.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu: kwamba presha ya koti jeupe, inayopanda mbele ya mhudumu tu, si salama kama ilivyodhaniwa. Ni kweli. Thomas Pickering, aliyelipa jambo hilo jina lake mwaka 1988 (naye alikuwa mtoto wa George wa ubishani ule), hakudai kwamba ni usalama kamili, na wengi wenye hali hiyo hupata presha ya kudumu miaka ya baadaye. Hilo linawataka wapimwe kila mwaka, wapunguze chumvi, watembee; haliwataki wameze dawa leo. Mwenzake wa hatari zaidi ni presha iliyojificha, ya mtu anayepata 128/80 kliniki na 145/92 nyumbani au kazini. Huyu kipimo kimoja humsaliti kabisa, na hakuna njia ya kumpata isipokuwa kumpima nje ya kliniki. Wapo pia wanaosema wastani huficha kuyumba, na Peter Rothwell alionyesha mwaka 2010 kwamba presha inayoyumba sana kati ya ziara na ziara hutabiri kiharusi. Sawa, ila kuyumba hakuwezi kuonekana kwa aliyepimwa mara moja. Hoja hiyo inadai vipimo zaidi, kama ninavyodai mimi.

Kwa hiyo mtu mzima aliyeshtuliwa na namba afanye nini? Apime nyumbani kwa siku saba, akipata mashine iliyothibitishwa, ya mkanda wa juu ya kiwiko: asubuhi kabla ya kula na kabla ya dawa, na jioni, mara mbili kila safari kwa nafasi ya dakika moja, baada ya kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani. Aandike zote, hata zisizompendeza. Aziache za siku ya kwanza, apige wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani kikomo ni 135/85 na si 140/90, kwa kuwa nyumbani presha hutulia. Asipime kila baada ya dakika kumi kwa hofu, maana hofu ndiyo itakayopimwa. Utaratibu huu haumhusu mjamzito: kwake 140/90 ni ya kupelekwa kituoni siku hiyohiyo, na 160/110 ni dharura. Haumhusu pia yeyote ambaye namba kubwa imekuja na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja, macho kufifia au kuchanganyikiwa. Huyo apelekwe hospitali bila kusubiri. Asiye na dalili zozote, hata akisoma 180, akae atulie apimwe tena, kisha aonane na daktari karibuni, wala mtu asimpasulie kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili “kuishusha haraka”. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameonya kwamba kuporomosha presha ghafla namna hiyo kumewaletea watu kiharusi na shambulio la moyo.

Lililobaki liko mikononi mwa wanaosimamia huduma, nalo halihitaji fedha za wafadhili. Kila chumba cha kupimia kiwe na kiti chenye egemeo, meza ya kimo kinachofaa, mikanda ya saizi tatu na mashine inayokaguliwa. Na fomu za ajira na bima, ambazo leo zina kisanduku kimoja cha presha, ziwe na nafasi ya vipimo vitatu, mkono uliopimwa, saizi ya mkanda na saa, pamoja na mstari wa tarehe ya kurudi kwa yeyote ambaye wastani wake umefika 130/85.